Soda Kwenye Maji

Tia soda kwenye maji,
usithubutu kutia maji kwenye soda.
Hiyo ndiyo salamu ya Mbuke, kabla hajaitikia shikamoo yangu,
hapa Igogo, nyuma ya nyumba,
pale mawe yanapoanza kupanda mlima.
Kovu la mkononi mwake, jeupe kama kucha,
linajua kwa nini.

Namletea mafuta ya sangara kwenye dumu,
yaliyokamuliwa kwenye mapanki
baada ya minofu kupanda ndege.
Minofu hiyo huikata mimi, zamu ya usiku.
Nikirudi, paka wa mtaa mzima hunisindikiza.

Anachanganya na mawese kidogo, ya kuikaza.
Anapima kwa mizani iliyokuwa ya dagaa:
"Mkono hudanganya, mwenzangu. Gramu haina ndugu."
Soda ikiguswa na maji hupandwa na hasira,
ndoo inafuka bila moto,
nasi tunasimama upande unakotoka upepo wa ziwa
tukiingoja ipoe
kama unavyomngoja mtu aliyetukanwa.

Kisha mwiko.
Mwiko, mwiko, mpaka bega liulize lina kosa gani,
mpaka mchirizi ukae juu ya uji usizame.
Humo ndani, asema, mafuta yanavunjika,
yanaiacha gliserini, yanaipokea sodiamu,
na ule ukali uliotoboa ngozi yake
unageuka kitu cha kuogeshea mtoto mchanga.

Sikusoma kemia. Namuuliza: sasa inatakatishaje?

Anajifuta mikono kwenye khanga.
"Maji na mafuta hawasalimiani
tangu dunia iumbwe. Sabuni ni mshenga.
Ana kichwa cha kukaa kwa maji,
ana mkia wa kukaa kwa mafuta.
Huingia nyumba zote mbili,
na akitoka, ametoka na uchafu."

Juzijuzi mshenga wetu alikuja na meno.
Mbuke alikosea, au mizani ilikosea, hatukuafikiana.
Aligusisha kipande ulimini, akatema:
"Inauma kama betri."
Miche sitini. Nikadhani ataitupa.
Akaikwangua yote kwa kikwangulio cha karoti,
akairudisha sufuriani, akaongeza mafuta
polepole, bila kuilaumu.
Wiki sita ikakaa kwenye rafu
ikikauka, ikisamehe.

Leo asubuhi nimenawa kwa kipande cha kwanza.
Povu dogo, zito, halina mbwembwe.
Sangara ameondolewa na sangara.

Imebaki harufu kidogo
chini ya ukucha wa kidole gumba.
Mwanangu Nkwimba ameigundua, amekunja pua,
kisha ameketi katikati ya magoti yangu
na kuniachia kichwa, nimsuke.