Bati Hupita, Sanduku Halipiti

Hakuna ishara ya mitokondria.
Nimeitafuta mikononi mwangu yote miwili
katika chumba namba kumi na moja, Hospitali ya Kenyatta,
Daktari Bosibori akingoja, kalamu mdomoni,
na wewe, Nzioki, ukinitazama vidole
kama mtu anayesubiri chenji yake.

Nikaibuni. Ngumi ya kushoto ndiyo jiko,
vidole vya kulia ndio moto ndani yake.
Ukaitikia kwa kichwa: endelea.

Kila seli, anasema, ina majiko mengi.
Jiko lina kuta mbili, na kati ya kuta kuna ujia mwembamba.
Vifaa vyake, karibu vyote, hufuliwa nje.
Hapo sikumhitaji tena daktari.
Nilikuonyesha Kamukunji,
baba na bati lake, na uchochoro wetu
usiopitisha mtu pamoja na kivuli chake.
Sanduku halipiti pale. Bati hupita,
limenyooka, wawili wakilishika ncha
lisije likajikunja njiani,
na pembeni limeandikwa chaki: la nani, liende wapi.
Likishaingia, chaki inafutwa kwa kiganja,
ndipo nyundo, ndipo kona, ndipo bawaba,
ndipo sanduku la mtoto wa kidato cha kwanza.

Protini nayo ni hivyo. Uzi mrefu usiokunjwa,
anwani kichwani.
Mlango wa nje unaisoma,
umeme wa ndani unauvuta,
mkasi unaikata anwani, kazi inaanza.

Ulicheka. Ukauliza kwa mkono wa kushoto,
maana wa kulia siku hizi hujisokota wenyewe
na kukuvunjia maneno katikati:
MLANGO. NANI. ALIULETA?

Daktari akaweka kalamu chini.
Hilo, alisema, ndilo lililotuleta hapa.
Mlango wa ndani nao hufuliwa nje.
Nao hupita mlango wa nje kama mzigo wowote,
kisha ujiani, majini, mahali usipopapenda,
hupokewa na wapagazi wadogo, wadogo mno,
sita wameshikana duara,
wausindikize hadi ukutani upachikwe.
Kwako mpagazi mmoja aliandikwa vibaya.
Herufi moja tu.
Mlango unafika ujiani bila wa kuupokea,
unajikunjakunja, unatupwa.
Milango michache, moto mdogo.
Masikio kwanza. Sasa mkono.

Miaka ishirini na moja baba anaamini ni nyundo.
Kwamba alikulaza ukiwa mchanga juu ya magunia
nyuma ya kibanda, siku mama alipokwenda Gikomba,
na bati likakuibia masikio.
Tangu hapo, ukiingia tu, yeye huacha kugonga,
na majirani humcheka:
fundi anayebisha hodi kwenye mabati yake mwenyewe!

Halafu daktari akasema, polepole, akiniangalia mimi:
herufi hii mtoto wa kiume huipata kwa mama.
Hilo sikulitafsiri.
Ulikuwa umeshalisoma usoni mwangu.

Tukashuka kwa miguu hadi Barabara ya Landhies.
Kamukunji ilikuwa imechachamaa,
kelele za kuumiza meno,
nawe ukapita katikati yake kama anayepita shambani asubuhi.
Baba alituona. Akalaza nyundo.
Nikainua mikono nikashindwa pa kuanzia,
maana habari inayomfungua yeye
ndiyo itakayomfunga mama,
na pengine mimi pia; sijapimwa.

Wewe ndiye uliyeinama.
Uliiokota nyundo kwa mkono wa kushoto,
ukaiweka katika kiganja cha baba,
ukakifunga kiganja, kidole baada ya kidole.
PIGA, ulisema.
Akapiga.

Mama yuko mwisho wa uchochoro,
anawapakulia mafundi githeri, hajatuona bado.
Bahasha sijaikunja.
Naishika hivi, imenyooka,
mabega nimeyageuza upande.