Daftari la Mahudhurio

Bi Ghanima Shaame hakuanza na tarehe.
Alianza na risiti.
Aliilaza mezani, akaibana kwa chupa ya wino,
maana upepo wa Wete haupigi hodi dirishani,
akatuuliza, wasichana kumi na wanne:
“Nani kaandika? Kamwandikia nani?
Na nani alikuwepo, asiulizwe?”

Kitabu cha historia kilikaa kabatini.
Alikifungua siku moja, akatusomea sentensi moja juu yetu,
kwamba watu wa kisiwa hiki ni wapole, wavivu kidogo,
akakifunika taratibu kama mtu afunikaye chungu kilichoungua.
“Nendeni makwenu. Leteni karatasi.”

Tukaleta.
Zeyana, talaka ya bibi yake, imekunjwa mara nane,
miaka arubaini ndani ya kibweta cha udi.
Moza, barua ya mjomba kwa hati za Kiarabu,
wino umeila karatasi hata herufi zikawa matundu.
Mafunda, cheti cha pishi sita za karafuu zilizopimwa nne,
na chini yake alama ya dole gumba.
Bi Ghanima aliitazama ile alama
kuliko alivyoitazama barua yoyote.
“Huyu hakujua kuandika,” alisema, “lakini kasema.”

Mie sikuleta kitu.
Kwetu Bopwe hapakuwa na karatasi
ila ya kufungia sukari.
Nilikaa nyuma, mikono mitupu chini ya dawati,
kama mtu afichaye kidonda.

Ikafika zamu ya Salha, wa nyumba yenye mlango wa njumu.
Hati ya mirathi ya babu wa babu yake, muhuri mwekundu.
Akasoma kwa sauti nzuri ya chuoni:
mikarafuu mia mbili na kumi,
ng’ombe watatu, mmoja kipofu,
sufuria za shaba, jozi mbili,
na Tunu, na Mpaji, na Faida,
na mtoto wa Faida, anyonyaye.

Faida ni jina tunalolitaja tukitia ubani,
wala hatumpi mtoto.
Na yule anyonyaye
ndiye aliyenisuka nywele asubuhi ile.

Sikulia. Aliyelia ni Salha,
na kwa hilo pia nilimchukia.
Bi Ghanima hakumtuliza yeye wala mimi.
Alishika chaki, akaandika FAIDA ubaoni,
peke yake, bila ng’ombe, bila sufuria,
akanigeukia:
“Wewe usiyeleta kitu.
Hebu tuambie, hati hii haijui nini?”

Nikasema.
Kwamba aliogopa radi.
Kwamba alisuka mikeka ya rangi mbili, ya tatu akaikataa.
Kwamba alipoambiwa yu huru
alilala siku mbili, akaamka, akaomba maji.
Salha akaandika, kwa mkono wake, kwa kalamu yake.
Hakikurudi kitu.
Lakini kiliandikwa.

Juzi walipoezua nyumba ya marehemu kule Limbani
mjukuu wake aliniletea sanduku:
“Wewe, bibi, ndiwe mpenda makaratasi.”
Ndani mna madaftari ya mahudhurio.
Nikautafuta mwaka wetu, nikautafuta msimu wa karafuu,
nikaliona jina langu, Kazija Faki,
na vistari kumi na tisa: yupo, yupo, yupo.

Sikuwepo.
Nilikuwa Mtambwe, mimi na mama, tukiokota mpeta
chini ya miti ya wenyewe.
Akosaye siku kumi hufutwa skuli;
na hiyo nayo iliandikwa.

Nani kaandika? Yeye,
aliyetufunza kwamba karatasi husema uongo.
Kamwandikia nani? Mkaguzi, na kofia yake.
Na nani alikuwepo, asiulizwe?

Hapo ndipo ninapokwama, miwani mkononi.
Kistari cha siku ya kumi na mbili kimetapakaa,
kama mkono ulisita.
Au ulikuwa upepo tu.