Jamvi la Kombo

Kambi ya karafuu, Mtambwe, usiku wa tatu.
Kombo katandika jamvi juu ya makonyo makavu,
kanyoosha miguu, kasema, "Mtu hulala pale
ambapo hawezi kuanguka zaidi."
Mie nimefunga jarife kuukuu la mjomba
mkarafuu huu na mkarafuu ule,
nikajitia ndani kama changu aliyevuliwa.

Siafu, nikamwambia. Tandu. Umande.
"Na wewe hiyo machela," akajibu. "Bibi
alibebwa kwa machela hadi Wete, hakurudi."
Akageuka ubavu, akakoroma.

Sikatai, juu kuna raha yake:
upepo hupita chini ya kiuno,
mikarafuu hukubembeza kama mwana wa pekee.
Ila saa nane baridi huingia kwa matundu,
kila tundu na sindano yake,
na ubavu hulaliki, ushapinda kama ndizi.
Kombo ni jina lake; mgongo kombo ni wangu.

Nikashuka kwenda haja. Niliporudi
jamvi lilikuwa tupu, lina joto bado,
na jarife linaning'inia zito,
limeshika mtu.
Sikusema neno. Nikajilaza.
Ardhi ikanipokea kisigino, kiuno, bega,
kimoja kimoja, kama mwenye kuhesabu pishi.

Alfajiri akashuka, nyuzi zimemchora shavu.
"Nilikuwa nakagua mafundo yako," akasema.
Nami najikuna siafu mpaka kwapani,
ningemjibu nini?