Tibu Tuta

Mwaka ule mvua ilikula reli,
garimoshi likalala Tabora kama ng'ombe aliyegoma,
na mimi, bibi harusi wa siku tisa,
nikapelekwa Kigoma juu ya Fuso la Hamimu:
magunia ya karanga, madumu sita ya asali,
kitanda changu cha mninga, miguu juu
kama mbuzi wa sikukuu,
na mama mkwe.

Mwanawe alikuwa kazini bandarini,
ruhusa ameimaliza kwenye harusi.
Basi akaja yeye kunichukua.
Kutoka Tabora mpaka Urambo hakusema neno.
Tulipofika Kaliua akasema,
"Sogeza goti."
Nikalisogeza. Nikawaza:
ndoa yenyewe ndiyo hii.

Baada ya Usinge barabara iliacha kuwa barabara.
Uji mweusi, mzito, wa kuvuta.
Gwasa, utingo wetu, alizama mpaka kiunoni,
akaibuka na kiatu kimoja
na kiatu chenyewe si chake.
Mbung'o walituuma juu ya nguo, chini ya nguo,
Hamimu akawatukana mmoja mmoja
kama anawajua kwa majina ya baba zao.

Giza likaingia, gari halitoki.
Wakakishusha kitanda,
wakakiweka penye kichuguu, palipokuwa pakavu.
Kitanda cha harusi yangu!
Wa kwanza kukilalia pamoja nami
alikuwa mama yake bwana harusi.
Alikoroma. Alivuta shuka lote.
Usiku wa manane fisi akacheka, si mbali,
akanishika mkono
akausahau mkononi mwake hadi alfajiri.

"Mwakeye," akaniamkia kwa Kiha.
"Mwangaluka," nikajibu kwa kwetu.
Tukatazamana
kama watu waliouziana kitu gizani.
Kisha akafungua dumu la watu,
akachovya tobolwa kwenye asali,
akanipa kabla hajala yeye.

Siku ya tatu, kabla ya Malagarasi, tukazama tena.
Matawi tumeyamaliza, mawe hakuna,
tairi linazunguka linatupaka sote rangi moja.
Mama mkwe akajifungua kanga,
ile mpya, aliyotunzwa na mama yangu,
jina lake TARATIBU TUTAFIKA,
akaitandika chini ya tairi
polepole, akinyoosha pembe,
kama anamtandikia mtoto.

Fuso likanguruma, likaruka, likatoka.
Kanga ikabaki nyuma, imeliwa huku na huku.
Gwasa, wa darasa la nne,
akaikung'uta, akasoma kwa sauti ya mwalimu mkuu:
"TIBU. TUTA."

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa kwenye matope.
Nikakaa naye.

Kitambaa kile kilimbeba mwanangu wa kwanza,
kikafuta taa, kikashikia sufuria,
sijui kiliishia wapi.
Maneno ndiyo yalibaki nyumbani.
Mume alipopunguzwa kazi, "Tibu tuta."
Nilipozika pacha, hakusema kitu siku nyingi,
alipika, akafua, akanichana nywele,
halafu siku moja mlangoni, taratibu,
"Tibu tuta, mwanangu."

Siku hizi ni lami.
Asubuhi Tabora, jioni unanunua migebuka Kigoma.
Hakuna anayeshuka kusukuma,
hakuna anayejua jirani yake anaitwa nani.
Mwezi jana nilikaa dirishani nikitafuta kichuguu.
Vichuguu vilikuwa vingi, vyote vinafanana.
Nilitaka kumwonyesha mwanangu;
alikuwa anaangalia simu.

Mama mkwe amelala begani kwangu,
mwepesi sasa, kama kikapu kilichokwisha dagaa.
Kabla ya Uvinza basi likaruka tuta,
abiria wakaguna, wakamlaani dereva.
Yeye hakufumbua macho.
"Tibu," akasema.

Goti lake likaja juu ya langu.
Sikulisogeza.