Ngazi Zote

Tangazo niliandika mwenyewe, kwa kalamu nyekundu,
nikalibandika kwenye mlango wa duka la mikate:
Warsha. Washairi na waandishi wa nathari. Ngazi zote.
Jumanne saa moja jioni. Leteni kurasa mbili na soksi kavu.

Huku Punta Arenas, upepo ukichacha,
manispaa hufunga kamba pembeni mwa barabara
watu wajishike wasipeperushwe.
Walifika wakiwa bado na alama za kamba viganjani:
Danitza, aliyefundisha hisabati miaka thelathini
na sasa anaandika soneti kama anayelipa deni.
Yerko, miaka kumi na saba, riwaya ya kurasa mia nne
ambamo kila mtu anakufa, wengine mara mbili.
Muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye zamu yake ya kusoma ilipofika
alinyanyua karatasi tu, akaishusha.
Na Nolberto Cárcamo, mnyoa kondoo,
mikono mizito, viganja laini ajabu kwa mafuta ya sufu,
aliyeuliza kama ngazi zote ni pamoja na ile ya chini kabisa,
ile ambayo mtu anaishikilia tu
ili wengine wapande.

Alisoma kurasa mbili zisizo na nukta.
Mkewe alikuwamo, na korido ya hospitali, na mbwa,
na bei ya dizeli, na mkewe tena,
na neno "basi" mara kumi na tisa. Nilihesabu.
Mimi nina kitabu kimoja, nakala mia tatu,
sabini ziko chini ya kitanda changu.
Nikachukua kalamu nyekundu.
Toa mbwa, nikasema. Toa dizeli.
"Basi" moja yatosha, msomaji si punda.
Wengine, kuona mwenzao ananyolewa, wakatia maji:
Danitza akaanza kufuta vivumishi vyake kimyakimya,
Yerko akafufua watu wawili.

Jumanne iliyofuata Nolberto alileta nusu ukurasa.
Safi. Kila sentensi imesimama peke yake kama kiti.
Tulipiga makofi.
Yeye alikuwa bado anaitazama karatasi
kama mtu aliyepewa koti la mwingine mkahawani.
"Mwalimu, nimenyoa pale ulipochora," alisema.
"Kazi naijua. Ila kuna jambo hutokea zizini.
Kondoo akishanyolewa, mwanawe humpita mbio
akilia, akimtafuta."

Hakusema kwa hasira. Alivaa kofia,
akatuaga mmoja mmoja, akamsahau Yerko,
akapanda tena ngazi zote kuja kumuaga.

Wiki tatu nimekaa na maneno yale.
Si yangu. Nimeyaandika nyuma ya risiti ya umeme,
nimeyapima mizani, nimeyavunja hapa na pale,
na usiku mmoja nilitia jina langu chini yake
kuona tu linavyokaa.
Lilikaa vizuri. Nikaona haya,
nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.
Kinyozi hajinyoi, husemwa. Haisemwi
kwamba huondoka na nywele za watu mfukoni.

Leo kamba zimefungwa tena. Amekuja.
Muuguzi amekuja pia, na karatasi ileile, imekunjwa mara nane.
Namwomba Nolberto asome zile kurasa za kwanza,
zile zenye mbwa.
"Nilizitumia kuwashia jiko," anasema. "Lakini basi,"
anafumba macho,
"basi asubuhi ile dizeli ilikuwa imepanda basi
nikamwambia mbwa wewe kaa na mama basi akakaa
mlangoni pa gari basi nikashindwa kuufunga mlango"

Kalamu iko kwenye koti, koti liko kwenye msumari,
na msumari uko mbali.

"Ngoja," anasema muuguzi. Hatujawahi kusikia sauti yake;
ni nene, ina mafua.
"Mbwa aliitwa nani?"