Matundu Manane

Tangazo la Gavana lilibandikwa lango la Hung Hom, gundi bado mbichi:
marufuku kuwaundia wageni manowari.
Karani Pettigrew akapanda na futi yake,
akauliza matundu haya manane ya sitahani ni ya nini.

"Ya winchi," akajibu bosi. "Meli ya sukari hii."

Nimeyatoboa mimi, Lau Sik-hung.
Sukari haitaki bamba la chuma la inchi tatu.
Nikatazama viatu vyangu.

Basi ikatiwa mnyororo. Mwezi wa saba huu,
kome wameiganda tumbo zima;
sisi hatujalipwa hata senti.
Vita vyao, nasikia, vimekwisha bila sisi.

Mvua inanyesha.
Inapita palepale nilipotoboa, tundu kwa tundu,
ikidondoka ngamani
ambamo hamna sukari, hamna mizinga.