Mafaili Tuli

Saa sita na robo usiku, Kijitonyama,
feni inazungusha joto lile lile
na tovuti ya Bi Zamda imesimama uchi:
maandishi meusi juu ya weupe,
magauni yamepangwa kama orodha ya madeni,
penye picha pana kisanduku kilichopasuka.
Kwenye kompyuta yangu ilikuwa imevaa.
Seva imeipokea haina hata kanga.

Kosa ni langu, mstari mmoja wa mipangilio.
Niliandika folda ipo hapa,
kumbe hapa ni hapa kwangu, mezani,
kando ya kikombe cha tangawizi.
Seva haiijui meza yangu.
Inataka njia nzima kuanzia mzizi,
mkwaju mwanzoni, mkwaju mwishoni,
kama umwelekezavyo mgeni wa Kariakoo:
usimwambie "karibu na duka la vifungo",
mwambie Narung'ombe, ngazi ya pili, mlango wa bluu.

Yanaitwa mafaili tuli.
Picha, fonti, rangi: vitu visivyofikiri,
vinangoja kuitwa, vinakuja vilivyo.
Vikusanye pamoja, mkabidhi bawabu wa mbele
awagawie wageni,
asiamshwe mpishi kwa kila kijiko.

Nikakusanya. Mia mbili kumi na nne.
Umeme ukakatika kwenye la mia mbili na tisa.
Nikanunua bando, nikaanza moja.

Asubuhi akapiga simu.
"Mwanangu, Hidaya umemtoa au hujamtoa?"

Nembo ya zamani: mikasi miwili imepishana,
Zamda na Hidaya, Washonaji.
Leseni mpya imetoka na jina moja,
nami nilichora mkasi mmoja,
lakini faili nikaliacha na jina lile lile,
na simu yake, ilipoliona jina inalolijua,
haikuuliza. Ikatoa ya mwaka jana
kutoka kifuani mwake.

Simlaumu kivinjari. Kinaamini jina.
Nikaagiza kila faili libebe alama ya kidole,
herufi nane zitokanazo na kilichomo ndani;
gusa uzi mmoja, jina linageuka,
na aliyezoea kukumbuka analazimika kuomba upya.

"Sasa vuta ukurasa chini, Bi Zamda,
itakuja mpya."

Kimya. Nyuma yake cherehani,
na mtu anauliza satini mita shilingi ngapi.

"Nikivuta, hii ya mikasi miwili nitaiona tena?"
"Kwenye simu hiyo, hapana."
"Basi niiache kwanza.
Ijumaa tunamsomea arobaini."

Ningeweza kumweleza kuwa ninayo nakala,
kwamba kwetu hakuna kinachofutwa kabisa,
kila toleo lina tarehe na lina mwenyewe.
Sikusema. Nikamuuliza kama umeme umerudi.

Jumamosi nilifungua daftari la seva.
Simu mia na kumi zilikuwa zimeiomba nembo mpya,
Mbagala, Tegeta, moja hadi Muskati.
Yake haikuwamo.